Goma na Gisenyi: Tofauti Inayobebwa kwa Beseni

Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyoegemeana kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Goma ni makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Gisenyi ni mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mwendo wa kilomita 155 hivi kutoka Kigali kwa basi linalopandiwa kituo cha Nyabugogo na kupita Musanze. Hakuna mto unaoitenga, wala mlima, wala pori. Nyumba za mtaa wa Birere, Goma, zinatazamana na nyumba za Mbugangari, Gisenyi, na katikati kuna kipande chembamba cha ardhi ambacho hakuna anayeruhusiwa kujenga juu yake. Pande zote mbili udongo ni ule ule wa volkano, samaki wadogo wa sambaza wanavuliwa katika ziwa lile lile, na koo nyingi zina ndugu kote kuwili. Kiswahili cha Goma, kilichojaa maneno ya Kifaransa, kinaeleweka sokoni Gisenyi kuliko Kiingereza ambacho Rwanda ilikifanya lugha ya kufundishia shuleni tangu 2008.

Hata hivyo mtu anayevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hahitaji bendera kumwambia kuwa amebadili nchi. Anayetoka Gisenyi anaacha barabara ya lami yenye mitaro, miti iliyopandwa kwa mstari na vijia vya waenda kwa miguu, na baada ya hatua chache anaingia katika mji wa mawe meusi, vumbi jeusi, honi na muziki. Anayetoka Goma anaona kinyume chake, na wengi wao hulalamikia jambo moja: ukimya.

Vipo vivuko viwili vikubwa. Grande Barrière, au La Corniche, kiko kando ya ziwa na hutumiwa na magari, maofisa, watalii na wafanyakazi wa mashirika. Petite Barrière kiko juu kidogo, katikati ya mitaa ya watu wa kipato cha chini, nacho ndicho moyo wa miji yote miwili. Kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kila siku kwa miguu, na vivuko vya aina hiyo vyenye msongamano kama ule ni vichache barani Afrika.

Mstari wenyewe una umri unaojulikana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa na kituo Gisenyi, wakiiandika Kissenyi, na Wabelgiji wakaweka askari wao Goma kuwachunga. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana Brussels kuhusu mipaka ya eneo la Kivu na milima ya volkano, na miji hiyo ikabaki kila mmoja upande wake. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani Rwanda. Tangu hapo hadi uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, miji yote miwili ilitawaliwa na mkoloni mmoja. Kuanzia 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo, chini ya jeshi moja la kikoloni. Kwa miongo minne na ushei, basi, mpaka huu ulikuwa mstari wa ofisini zaidi kuliko wa barabarani.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu ni rahisi kudhani kuwa tofauti inayoonekana leo ni ya kale. Si ya kale. Katika enzi za Mobutu, Goma ndio uliokuwa mji wa kutamaniwa: rais mwenyewe alikuwa na kasri kando ya ziwa, na uwanja wa ndege wa mji ulipokea ndege kubwa. Gisenyi ulikuwa mji mdogo wa fukwe na hoteli, na kiwanda chake kikubwa kilikuwa cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa 1957, ambacho tangu 1963 kilichemsha bia kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka chini ya ziwa. Tarehe 20 Septemba 1976 Zaire (jina la Kongo wakati huo), Rwanda na Burundi zilisaini mjini Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa hapo hapo. Kutokana na utaratibu huo wakazi wa mpakani walizoea kuvuka kwa karatasi nyepesi. Maarufu zaidi ni ile inayoitwa jeton: mtu anaonyesha kitambulisho, anapewa kikaratasi cha siku moja, anakwenda sokoni na kurudi jioni.

Kilichopindua mambo ni miaka ya 1990. Katikati ya Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yakifikia mwisho kwa ushindi wa waasi wa RPF, watu wapatao 850,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu, wakiwamo raia waliokuwa wakikimbia, wauaji na mabaki ya jeshi la serikali iliyoshindwa. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu yao juu ya mwamba wa lava ambao haukuchimbika hata kwa kaburi. Tangu hapo historia za miji hii ziligawanyika. Rwanda ilijenga upya dola yake kuanzia sifuri. Kivu iliingia vita vya 1996, kisha vya 1998, ambapo Goma uligeuka makao ya waasi wa RCD, na baada ya hapo makundi yenye silaha hayakuwahi kwisha vijijini.

Volkano nayo haikupendelea pande zote sawa. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 uliopo kaskazini mwa Goma, ulilipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuwaacha zaidi ya watu laki moja bila makazi. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Wengi walirudi baada ya siku chache, wakati mawe yakiwa bado ya moto, wakaanza kujenga juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na safari hiyo lava ilikomea kwenye viunga vya Buhene karibu na uwanja wa ndege, ila mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba za pande zote mbili. Mawe yale yale meusi leo ndiyo matofali ya Goma: kuta, uzio, misingi, hata viti vya nje vya baa. Ni sehemu chache duniani ambako janga la mji ndilo pia akiba yake ya vifaa vya ujenzi.

Anayetaka kuipima tofauti ya miji hii kwa kitu kimoja aangalie pikipiki. Upande wa Rwanda motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, huvaa kizibao chenye namba, hubeba abiria mmoja, na abiria huyo hukabidhiwa helmeti kabla hajapanda. Hata mtu mwenye haraka kubwa huifunga, kwa sababu polisi yuko kona inayofuata. Upande wa Goma pikipiki ile ile, mara nyingi ya aina ile ile iliyotoka India, hubeba wawili au watatu, na aliye katikati hushika bidoni la maji au kuku. Helmeti ikiwapo, imetundikwa kwenye usukani. Halafu kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mamia ya kilo za viazi au makaa kutoka mlimani. Goma umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Gisenyi huwezi kuona chukudu ikipita mbele ya hoteli.

Plastiki ni kipimo cha pili. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 9 kabla ya Kenya na 11 kabla ya Tanzania, kisha ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja kwa sheria ya 2019. Mzigo uliofungwa nailoni hufunguliwa mpakani na nailoni kubaki hapo. Goma, na Bukavu ulio kusini mwa ziwa, mifuko hiyo bado ipo, na kwa kuwa ni ya bei ndogo kuliko ya karatasi, imekuwa bidhaa ya magendo. Wapo wanawake waliokamatwa wakivuka na vifurushi vya mifuko mitupu vilivyofungwa mapajani chini ya kitenge, kama wengine wanavyoficha dhahabu.

Maji ndiyo kitendawili kikubwa. Goma umekaa kando ya ziwa, lakini chini ya mji ni mwamba wa lava ambao ni ghali kuchimba mitaro ya mabomba, na shirika la maji la Regideso halijawahi kwenda sambamba na mji uliokua kwa kasi ya wakimbizi. Vitongoji vya juu hutegemea bidoni la njano, linalojazwa ziwani au kwenye bomba la umma na kupandishwa kwa mgongo, kwa chukudu au kwa pikipiki. Gisenyi hupata maji yaliyosafishwa katika mtambo wa Gihira kwenye mto Sebeya. Mto huo nao si rafiki wa kudumu: usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na bonde la Sebeya lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Usafi wa barabara hauzuii mlima kuporomoka.

Kwa nini basi barabara moja inafagiwa na nyingine haifagiwi? Jibu linalotolewa baa ni kwamba watu wa upande huu wana nidhamu na wa upande ule hawana. Jibu hilo halisimami, kwa kuwa mtu yule yule hufunga helmeti saa tatu asubuhi Gisenyi na kuivua saa tatu na robo Goma. Kinachobadilika ni nani anamwangalia, nani anamhesabu, na nani ana haki ya kumtoza.

Tukianza na kuhesabu, Rwanda ilifanya sensa mwaka 2022 na kujua kuwa ina watu milioni 13.2, zaidi ya nusu milioni kati yao wakiwa wilaya ya Rubavu. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Idadi ya watu wa Goma kwa hiyo ni makadirio, na makadirio hayo hutofautiana kwa laki nyingi kutegemea nani anayeyatoa na amehesabu kambi zipi. Mji usiojua una watu wangapi hauwezi kupanga mifereji.

Ardhi ni hivyo hivyo. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kusajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi nchi nzima, na kila mwenye kiwanja Gisenyi ana namba yake kwenye daftari linalosomeka Kigali. Kongo inaongozwa na sheria ya ardhi ya 1973, inayosema ardhi yote ni mali ya dola. Katika Goma hilo limezaa hati mbili au tatu za kiwanja kimoja, zote zikiwa na mihuri. Anayejenga hapo hujenga haraka, hujenga ukuta kwanza, na hubandika maandishi kwamba kiwanja hakiuzwi.

Kisha kuna utaratibu wa kuwajibishana. Tangu 2006 viongozi wa wilaya za Rwanda husaini imihigo, yaani mikataba ya utendaji mbele ya rais, na hupangwa kwa alama kila mwaka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, ambapo wakazi hutoka asubuhi kufagia, kuzibua mitaro na kupanda miti, na baadaye hukaa mkutano. Goma haukukosa kitu cha namna hiyo, kwani Mobutu alikuwa na salongo yake katika miaka ya 1970, lakini salongo ilizeeka pamoja na utawala ulioianzisha. Mtumishi wa umma upande wa Kongo mara nyingi hulipwa kidogo au hucheleweshewa mshahara, na hujilipa dirishani. Kwa sheria ya Kongo huduma zinazoruhusiwa kukaa mpakani ni nne: forodha, uhamiaji, udhibiti wa bidhaa na afya. Wanawake wanaovuka na mabeseni wanajua kuwa mikono inayonyooshwa ni mingi kuliko hiyo.

Mwaka 2012 wanauchumi Daron Acemoglu na James Robinson walifungua kitabu chao Why Nations Fail kwa mji wa Nogales, uliokatwa na uzio kati ya Arizona na Meksiko, wakidai kuwa tofauti ya pande mbili ni ya taasisi, si ya jiografia wala utamaduni. Hoja hiyo inaeleza nusu ya habari ya Goma na Gisenyi. Nusu nyingine haimo Nogales. Kule uzio haujavukwa na majeshi mara kwa mara kwa miaka thelathini, na utajiri wa upande mmoja haudaiwi kupita usiku kwenda kuuzwa kwa jina la upande wa pili. Tangu 2001 ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimekuwa zikieleza jinsi madini ya Kivu, koltani na dhahabu hasa, yanavyopitishwa Rwanda, na Kigali imekuwa ikikanusha. Mpangilio wa Gisenyi na vurugu za Goma havikukua kila kimoja kwenye chungu chake.

Lakini mpaka huo huo unaotenganisha ndio unaowapa watu riziki, na riziki hiyo inatokana na tofauti yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, upande wa Rwanda wa Petite Barrière, foleni ya wanawake huwa imeshapangika. Beseni la kwanza lina kabichi tano zilizopangwa kama piramidi, la pili nyanya, la tatu karoti na vitunguu vya majani, la nne mayai yaliyolazwa juu ya nyasi kavu. Wengine wana madumu ya maziwa. Mtoto yuko mgongoni, jeton imebanwa mdomoni ili mikono ibaki huru. Thamani ya mzigo mmoja haifiki mbali, na ndiyo siri yake: chini ya kiwango kidogo taratibu za forodha ni nyepesi, na utaratibu wa biashara rahisi wa COMESA, jumuiya ya soko la pamoja, unahusu mizigo midogo. Mwenye mali nyingi huigawa kwa mabeseni mengi.

Waliobobea zaidi ni watu wenye ulemavu. Wanavuka juu ya baiskeli za magurudumu matatu zilizochomelewa mitaani, zinazozungushwa kwa mikono, zenye sanduku kubwa mbele na nyuma. Kwa muda mrefu wamekuwa wakipewa nafuu ya ushuru, na wafanyabiashara wa maduka wameigeuza nafuu hiyo kuwa kazi: magunia ya unga, katoni za sabuni na mafuta ya kupikia hupakiwa kwenye baiskeli hizo hadi dereva asionekane, na vijana wawili husukuma kwa nyuma. Kijana asiye na baiskeli hiyo hupita pembeni mikono mitupu.

Kutoka Goma hurudi vitenge, vipodozi, simu na nguo za mtumba ambazo Rwanda huziita caguwa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa caguwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuisimamishia nchi hiyo nafuu ya ushuru ya mpango wake wa AGOA upande wa mavazi. Ushuru huo ulitungwa Kigali, lakini faida yake ya haraka ilionekana Birere, ambako mitumba ilibaki na bei yake. Kila sheria inayozifanya bei za pande mbili zitofautiane huzaa watu wa kuvusha bidhaa.

Fedha nayo ni hivyo. Gisenyi hulipana kwa faranga ya Rwanda, Goma kwa dola na faranga ya Kongo. Noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni hukataliwa Goma kama noti bandia, hata ikiwa na thamani kamili New York. Wabadilishaji waliokaa kwenye viti vya plastiki karibu na kizuizi huipokea kwa bei ya chini, na wanajua pa kuipeleka.

Mpangilio wa Gisenyi nao una watu unaowakamua. Nchini Rwanda kuuza bidhaa barabarani hakuruhusiwi. Wauzaji hao, abazunguzayi kwa Kinyarwanda, hukimbizwa, hunyang'anywa mali na wakati mwingine hupelekwa kwenye vituo vya muda ambavyo mashirika ya haki za binadamu yamevilalamikia kwa miaka mingi. Kigali ilifika hatua ya kumtoza faini ya faranga 10,000 hata anayenunua kwao. Kwa mama mwenye beseni, kwa hiyo, Goma ndiko kwenye uhuru: anaweka mzigo chini popote, anapiga kelele bei yake, anauza. Jioni analala Gisenyi, ambako hahofii mlango wake. Anachukua kwa kila mji kile ambacho mwingine unamnyima, na hakuna mpango mkuu wa mji uliochorwa kwa ajili ya maisha ya namna hiyo. Serikali ya Rwanda imejenga soko la mpakani karibu na Petite Barrière ili wateja wa Kongo wavuke wao, na wengine huvuka. Wengi wa wauzaji bado wanaona heri kumfuata mteja alipo.

Kusini mwa ziwa hali inajirudia kwa umbo jingine. Bukavu, mji wa zaidi ya watu milioni, umening'inia juu ya vilima na rasi zilizoingia ziwani, na nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko inayoporomoka mvua ikizidi. Ng'ambo ya mto Ruzizi ni Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, ambao Rwanda imeuweka pamoja na Rubavu kwenye orodha ya miji sita inayokusudiwa kuipunguzia Kigali mzigo. Hapa mkubwa na maskini ni jirani wa mdogo na nadhifu. Lakini mto haujui hayo: takataka za plastiki zinazosombwa kutoka Bukavu hukusanyika kwenye bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo ya umeme, na umeme wa mto huo unatumiwa na Kongo, Rwanda na Burundi. Marufuku ya 2008 haikuvuka daraja, matokeo ya kutokuwapo kwake yalivuka.

Mipaka mingine ya Rwanda ina tofauti zake, ingawa si kali hivyo. Gatuna, kilomita 80 hivi kaskazini mwa Kigali, unatazamana na Katuna wa Uganda, na anayevuka hubadili mkono wa barabara na saa kwa pamoja: Rwanda huendesha kulia, Uganda kushoto, na saa ya Kampala iko mbele kwa saa moja. Mpaka huo ulipofungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali mbili, maduka ya Katuna yalifunga milango, nyumba za wageni zikabaki tupu, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Rusumo, mpakani na Tanzania, daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa na marais Magufuli na Kagame tarehe 6 Aprili 2016. Malori hubadili upande hapo bila kelele. Ni kwenye mpaka huo huo ambapo mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kwa siku moja kwenda Ngara, Tanzania.

Kigali yenyewe haina sababu ya kuitazama Goma kutoka juu. Nyarutarama, mtaa wa majumba na uwanja wa gofu, ulikaa kwa miaka mingi bega kwa bega na Kangondo, kitongoji cha nyumba za udongo ambacho wenyeji walikibandika jina la Bannyahe, swali la kejeli juu ya upungufu wa vyoo. Hapakuwa na afisa wa uhamiaji kati yake, na tofauti ilikuwa ya kutisha vile vile. Serikali iliamua kuwahamishia wakazi kwenye maghorofa ya Busanza. Wengi walipinga, wakitaka walipwe fedha kwa mujibu wa sheria ya utwaaji badala ya kupewa nyumba, wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 kitongoji kikabomolewa. Mji ulifuta tofauti hiyo kwa kuwaondoa watu wa upande mmoja. Mipakani mbinu hiyo haitumiki.

Mwaka 2025 uliongeza tofauti ambazo hazikuwapo. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 waliingia Goma, mji ambao walikuwa wameuteka pia Novemba 2012 na kuuacha siku chache baadaye, na katikati ya Februari wakauchukua Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liliwasaidia. Rwanda inakana na kusema inajilinda dhidi ya waasi wa Kinyarwanda wa FDLR walioko Kongo. Siku za mapigano makombora yalianguka Gisenyi na kuua watu. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini mapatano Washington.

Serikali ya Kinshasa ilikatiza huduma za benki katika maeneo yaliyotekwa, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mtu wa Goma mwenye akaunti akawa anavuka Petite Barrière kwenda kutoa fedha zake kwenye benki za Gisenyi, na mwenye safari ya ndege akapanda basi hadi uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali. Muda mfupi baadaye kukatokea wanaovuka kwa niaba ya wengine, kwa malipo, na makondakta wa Gisenyi wakaanza kuwaita abiria wa uwanja wa ndege pale pale kwenye kizuizi.